Mwiko wa Mwalimu Fidèle

Kasongo, 8 Mei 1955

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Je, ulifika salama Wamaza? Uvimbe wa uso umekwisha? Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. André bado yuko Kindu kwenye kazi ya reli. Jana niliweka sahani mbili, nikairudisha moja kabatini.

Infirmie Gérard, muuguzi wa hapa hospitali, anauliza habari zako. Hajasahau siku ile alipokudunga penisilini kwa kidonda cha mguu, ukavimba midomo papo hapo, vipele mwili mzima, pumzi ikapita kwa shida. Nikukumbushe maneno yake: "Baba, penisilini ni mwiko yako. Mara ya pili inaweza kukuua. Fasi yote watataka kukupiga sindano, sema kwanza."

Nasikia watu wa dawa wa Kabambare watazunguka vijijini kutibu buba, kila mtu na sindano yake. Ni dawa hiyo hiyo. Wakifika, waambie. Hawawezi kujua kwa kukutazama tu.

Binti yako,
Victorine


Wamaza, 2 Juni 1955

Victorine binti yangu,

Amani iwe kwako, na kwa mume wako huko aliko. Mimi ni mzima, kidonda kimefunga, natembea bila fimbo. Barua yako ameileta Ismaël, yule mchuuzi wa chumvi.

Gérard ni mtu mwema, lakini neno lake halinifai. Mwiko! Unajua mimi ni nani hapa. Mimi ndiye niliyekula nyama ya mbawala mbele ya ukoo mzima, mnyama ambaye babu zetu hawakumgusa, ili waone kwamba Mkristo hana mwiko. Marehemu mama yako alishika kichwa siku ile. Tangu hapo ndivyo ninavyofundisha kanisani. Leo nisimame mbele ya wanafunzi wangu wa ubatizo niseme nina mwiko? Watasema mbawala amenipata. Tayari wameuliza kwa nini nilirudi na uso umevimba. Nikasema ni nyuki.

Basi, watu wa dawa wakija nitaingia mstarini kama wengine. Mungu aliyenivusha Kasongo atanivusha na hapa. Nakuonea huruma wewe, unayekula peke yako. Mimi nimezoea, nazungumza na kuku.

Baba yako,
Mwalimu Fidèle


Kasongo, 20 Juni 1955

Baba,

Natumaini mguu hausumbui. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayoumwa, kwa sababu ya barua yako. Nyuki, baba?

Nilimsomea Gérard. Alicheka kidogo, kisha akakunja uso. "Nilisema mwiko juu sikukuwa na neno ingine," akasema. "Haiko mambo ya mizimu. Ni mwili tu inakatala dawa." Anasema mwiko wa ukoo ni wa wote, lakini huu ni wako peke yako. Mimi damu yako nimeshadungwa penisilini na sikuwashwa hata kidogo. Tena hakuna mzee wala padri wa kuuondoa. Hupotezi kitu ukiikataa penisilini, maana dawa nyingine zipo.

Kama neno hilo linakuchoma, liache. Sema tu, "Penisilini ilinivimbisha koo." Mvute mtu wa dawa pembeni kama unaona haya. Na mwambie Mama Amisa jirani yako, ili siku ukiugua na kushindwa kusema, yeye aseme.

Siku tuliyomzika mama ulikuwa unaongoza sala, hukunishika mkono. Sikukulaumu. Lakini sitaki kukuzika wewe kwa sababu ya neno moja.

Binti yako, huna mwingine,
Victorine


Kasongo, 31 Julai 1955

Baba,

Hujambo? Ismaël amepita bila barua. Anasema alipokuwa anatoka Wamaza, kamyo ya watu wa dawa ilikuwa inaingia ikinguruma, na watu walishajipanga mbele ya kanisa. Hakungoja kuona.

Nimechoka kuuliza kila anayetoka huko. Kama uko, andika hata jina lako tu.

Victorine


Wamaza, 14 Agosti 1955

Victorine binti yangu,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, naanza na hilo. Nilinyamaza kwa aibu, unisamehe.

Barua yako ya Juni ilifika kabla ya watu wa dawa. Nilikubali moyoni kumvuta mtu wa dawa pembeni. Lakini pembeni ilikuwa wapi? Watoto walilia, mama zao waligombana, na yule infirmie alifanya kazi kwa haraka. Nyuma yangu alisimama Dominique, mwanafunzi wangu wa kwanza. Nikanong'ona, "Penisilini ilinivimbisha koo." Hakusikia. Nikarudia. Akanishika mkono, sindano ikiwa tayari. Hapo maneno yako yote mazuri yalinikimbia, nikapiga kelele, "Niko na mwiko!"

Aliuachia mkono wangu saa ile ile. "Ya penisilini? Ilikuvimbisha wapi?" Nikamwonyesha koo na midomo. Akasema, "Umefanya vizuri, baba. Pita." Yeye alielewa. Wengine walisikia neno moja tu, na Dominique akasema kwa sauti, "Kumbe mbawala amemupata mwalimu."

Nimewaeleza habari ya mwili kukataa dawa mpaka ulimi umechoka. Wanaitikia kwa kichwa, wanaenda zao. Jumapili nilisali na vikongwe wachache, na Dominique haji tena. Mama Amisa, ambaye si hata wa kanisa letu, ndiye aliyeniletea bakuli la sombe. Nilimweleza yote, sasa anajua la kusema. Jioni ni ndefu, binti yangu, sikufichi.

Mvua zikianza nitakuja Kasongo. Ile sahani ya pili usiirudishe kabatini.

Baba yako mwenye mwiko,
Fidèle