Geti Linalofunguka Lenyewe

Masama, Moshi
17 Novemba 2002

Mpendwa mdogo wangu Fredy,

Pokea salamu nyingi kutoka mlimani. Huko Johannesburg unaendeleaje? Kile kifua kimepona? Sisi ni wazima. Baridi ikizidi magoti yanamsumbua Mama, lakini sauti yake iko palepale, hata kuku wanaiheshimu.

Mvua za vuli zimeanza. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na mlima wenyewe hauonekani, unajua tu kwamba upo. Kahawa haina bei, wengi wanaing'oa wapande nyanya. Ya kwetu Mama kaikatalia isiguswe.

Sasa nikupe habari za geti lako la rimoti. Sijasahau ile Desemba ya mwaka juzi: ulipokuja kulifunga uling'oa masale aliyoyapanda marehemu Baba mlangoni, Mama akakusema vibaya mbele ya wageni, nawe ukaondoka hata Krismasi haijafika. Rimoti moja ulimwachia, nyingine ukaenda nayo. Krismasi ya mwaka jana magari ya watoto wa watu yalipanda mlima, la kwako hatukuliona.

Tangu Pasaka geti limekuwa likifunguka lenyewe. Mama yuko jikoni anakoroga mtori, anasikia mota inalia. Anaacha mwiko, anajifunga kanga vizuri, anatoka. Yale masale aliyapanda upya pembeni, basi anakata jani moja na kusimama nalo. Geti liko wazi, ukungu unaingia taratibu kama mgeni asiye na haraka, mtu hakuna. Kisha linajifunga. Mama anarudi kwenye mwiko wake.

Mimi nilidhani ni Baba. Nikanyunyiza maji ya baraka kwenye mota yako, usinicheke.

Kumbe ni jirani yetu Melkior, yule wa biashara za mpakani Holili. Naye kanunua geti la rimoti, na namba zake zimefanana na zetu. Akibonyeza aingie kwake, la kwetu nalo linaitika. Siku moja nilikuwa barabarani nikaona yote mawili yanafunguka pamoja. Nilicheka sana, halafu nikamwona Mama anatoka na jani lake mkononi, nikalia, Fredy.

Nilimweleza Mama yote. Melkior, muungwana yule, akaja mwenyewe kusema atabadilisha namba za rimoti yake ili tusisumbuke. Mama akamkatalia.

"Liache hivyo hivyo, mwanangu," akamwambia. "Nikizoea kukaa ndani, siku Fredy akija kweli sitatoka."

Na bado anatoka, ingawa anajua ni Melkior.

Hili jani lililomo kwenye bahasha amelikata yeye jana, akanipa bila maelezo. Huhitaji maelezo. Kwetu sale la kuomba msamaha halikataliwi, hata likitoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mimi nimekukasirikia muda mrefu, lakini nimekukumbuka zaidi.

Mama mkubwa Kornelia anakusalimu, anasema pombe ya mbege ya Krismasi ataipika yeye. Ndugu yetu Yuditha na wanawe nao wanakusalimu. Yule mdogo anakujua kwa picha tu.

Mungu akutangulie safari yote mpaka hapa mlangoni. Ukifika usipige hodi. Bonyeza tu, Mama atakuwa anatoka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,
Hilda