Nyuma ya Mlango Kuna Nini

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu, Mama Pacha, ameamua kuwapa watu nyumba yetu. Si kuiuza, si kuipangisha — kuwapa! Wao waje walale kwetu, sisi twende tukalale kwao, huko ng'ambo. Miezi saba, nyumba tatu, nchi tatu. Kuna tovuti ya mambo hayo. Tangu astaafu kazi ya maktaba amekuwa akiisoma kila siku, na mimi nilidhani anasoma mapishi.

Amenionyesha picha za nyumba ya kwanza. Wenyewe ni mwalimu wa muziki na mkewe, wazee kama sisi. Na paka. Ukiikubali nyumba umemkubali na paka. Jikoni kweupe pe, hata alama ya kidole hakuna. Nikamwambia hapo tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Akasema mbuzi huyu ametolewa nje ya gunia na kupigwa picha kumi na nane.

Miaka thelathini na mbili nachonga funguo. Watu wanaotabasamu picha nzima nawajua. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Yeye akaandika ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeongea na Wenye Paka kwa simu ya video. Mama Pacha anaijua lugha yao, mimi nilisikia robo na iliyobaki nikatafsiriwa. Na mke wangu hutafsiri anachotaka.

Mwalimu wa muziki alizungusha simu nyumba nzima: dirisha, piano, kitanda, paka. Nikaomba nionyeshwe mlango wa mbele. Mama Pacha akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini yule bwana akaonyesha, tena kwa furaha. Kitasa cha kufunguliwa kwa kadi ya plastiki, si ufunguo! Mtu anayelala nyuma ya kitasa kama kile ama hana cha kuibiwa, ama mwizi ni yeye.

Halafu habari za funguo. Tutapishana nao angani, kwa hiyo hakuna wa kumkabidhi mwenzake. Tovuti inashauri watu watumiane funguo mapema kwa posta. Nikasema ufunguo wa nyumba yangu hauingii kwenye bahasha. Mama Pacha akanyamaza. Mke wangu si mtu wa kunyamaza. Kimya kile sikukipenda.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Nimechonga funguo mbili, wangu na wake, nikampa wake baada ya chai. Aliulaza kiganjani, akautazama muda mrefu kuliko ufunguo unavyostahili. Akauliza cha zamani kimeharibika nini. Nikasema hakikuharibika, kimechoka tu.

"Hata mimi," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepewa kazi ya kuandika maelekezo ya nyumba kwa ajili ya wageni. Bomba la bafuni linafunguliwaje, takataka zinatoka lini, dirisha gani linakwama. Nimeandika kurasa nne. Mama Pacha amezisoma akasema kila sentensi inaanza na "Usi". Si kweli. Ya kumi na moja inaanza na "Msi".

Jumapili, 16 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake Mama Pacha. Amejitolea kupita mara mbili kwa wiki kuangalia maua na kuwasaidia wageni wakikwama. Anatoa ahadi haraka sana huyu. Aliingia, akasimama mlangoni, akakishika kitasa kipya, akakisifia. Kwa nini mtu asifie kitasa? Mimi ndiye fundi na sisifii vitasa. Akauliza kama naye atapata ufunguo. Nikamwambia maua yako nje.

Alhamisi, 20 Machi

Machale yalinicheza tangu asubuhi. Nilikuwa natafuta miwani yangu, nikafungua kasha la miwani yake. Ndani — ufunguo. Wa mlango wetu wa mbele! Kitasa kina siku kumi. Mimi nilichonga mbili. Huu ni wa tatu.

Na si mkono wangu. Mimi nikimaliza kuchonga napitisha tupa kila jino, mpaka ukilipapasa halikwaruzi. Huu una vinyweleo vya shaba nchani, na jino la tatu limekatwa kwa pupa. Hii ni kazi ya Kidole, yule wa nyuma ya soko. Mashine ilimla kidole kimoja, ndipo alipopata jina, na bado ana haraka ileile.

Mke wa fundi wa funguo amekwenda kuchongesha ufunguo kwa fundi mwingine. Mke wa mwoka mikate akionekana na mkate wa duka la pili, watu watafikiri nini? Nimeurudisha palepale, kasha nikalifunga. Ufunguo wa nani? Shemeji? Au yupo mwingine ambaye hata simfikirii?

Ijumaa, 21 Machi

Nimefunga duka saa nne asubuhi nikaenda kwa Kidole. Nilijifanya naazima tupa. Akanitazama, akacheka kabla sijaketi. Ndiyo, shemeji yake alikuja — ndivyo anavyomwita Mama Pacha — na hiyo ilikuwa mara ya pili mwezi huu. Mara ya pili! Tena walikaa kidogo wakapiga soga, wakacheka. Wamecheka nini? Mashine yake inakwama kila jino, pale pana cha kucheka?

Nikamwuliza moja kwa moja ufunguo ni wa nani. Akapuliza vumbi la shaba mezani, taratibu.

"Kaka, mimi kazi yangu kuchonga," akasema. "Kuuliza maswali ni kazi yako wewe."

Hapo alikuwa ananisuta kwa kanuni yangu. Mafundi wote wa hapa wanaijua. Mtu akifungiwa nje akanipigia simu, naenda. Lakini kabla sijatoa kifaa namwuliza: nyuma ya mlango huu kuna nini? Mwenye nyumba hujibu hapohapo — koti la bluu, ndoo iliyopasuka, baiskeli ya mtoto. Asiye mwenyewe hubabaika. Anayekosea simfungulii, hata alie. Wenzangu wananiona kituko.

Jumamosi, 22 Machi

Sijamwuliza Mama Pacha. Nimeweka kufuli kwenye kabati la chumbani.

Sababu ya kanuni ile sijawahi kumwambia mtu. Hata yeye anadhani ni ukaidi tu. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye kazi. Akaja mwanamume nadhifu, tabasamu kubwa, na kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo. Eti wa nyumbani kwa mama yake. Nikachonga. Nikajivuna hata, maana kuchonga kutoka kwenye sabuni si kazi ya kila mtu. Wiki iliyofuata mjane mmoja wa mtaa wa tatu alitoka hospitali akakuta nyumba yake tupu. Hata mapazia. Mlango haukuvunjwa, kwa hiyo watu wakasema ni jamaa zake, na ndugu wale wakagombana wakatengana kabisa. Mimi nilikwenda kumwekea kitasa kipya, bure. Akanishukuru. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru!

Sikusema kitu siku ile. Aibu yake ninayo mpaka leo. Tangu hapo mtu akitabasamu, mimi natazama mikononi.

Jumatano, 26 Machi

Ameacha tableti mezani, imewaka, akaenda kuoga. Sikuigusa. Niliinama tu. — Sawa, niligusa kidogo.

Zilikuwa barua zake na Wenye Paka. Nimezipitisha kwenye ile programu ya kutafsiri, moja moja, sikio likiwa bafuni. Ufunguo wa kwanza aliwatumia tarehe 7. Wa kitasa cha zamani! Tarehe 11 akawaandikia kuwa ule hauna kazi tena, mume wake amebadilisha kitasa, atachongesha mwingine na kuwatumia kwa posta ya haraka, wamwie radhi. Umeondoka jana. Basi. Hakuna mwizi, hakuna Shemeji, hakuna mtu wa tatu. Alikwenda kwa Kidole kwa sababu kwangu angeambiwa hapana. Nilitakiwa nicheke.

Lakini chini yake kuna fomu. Idadi ya wageni. Mwanzo aliandika wawili. Tarehe hiyohiyo 11 amebadilisha, ameweka mmoja. Na maelezo, nayanakili hapa nisije nikajidanganya baadaye: "Mume wangu anasema atakuja. Ila mlango anauangalia kuliko anavyoniangalia mimi. Nikifika peke yangu msishangae. Nikifika naye, ongezeni mto."

Nikairudisha tableti ilivyokuwa. Alipotoka bafuni akaniuliza mbona nimesimama katikati ya chumba. Nikasema nanyoosha mgongo.

Ijumaa, 28 Machi

Sanduku lake limejaa, limefungwa, lina utepe mwekundu ili lisipotee. Langu liko pembeni yake, wazi, tangu Jumatatu. Leo nimeweka tupa ndani. Nikaitoa.

Anapita hapo mara ishirini kwa siku, anaruka sanduku langu na kuendelea. Mchana huu amesimama.

"Unakwenda?" akaniuliza.

Nikamwambia swali gani hilo, tiketi si hizo zimebandikwa kwenye friji, mbili.

"Sikukuuliza habari za tiketi."

Nilitaka kumwambia nimesoma. Nilitaka kumwambia habari za mjane na sabuni. Nikamwambia skrubu ya bawaba ya mlango wa nyuma imelegea, nikaenda kuikaza. Haikuwa imelegea.

Jumapili, 30 Machi

Amekwenda kumuaga dada yake mkubwa. Anarudi kesho alasiri. Safari ni Jumanne alfajiri.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekaa nikanywa chai, nimezunguka vyumba, nimesoma zile kurasa nne za "Usi". Halafu nikachukua bisibisi. Nilianza na skrubu moja tu, ya kitasa cha mbele, kuangalia kama imekaza. Baada ya nusu saa kitasa kilikuwa mezani na kingine kiko mlangoni.

Sijui kwa nini. — Najua. Ufunguo wa Wenye Paka umeshaondoka, haurudi, na nyumba yangu iko kwenye bahasha kwa watu nisiowajua. Hiyo moja. Ya pili ni ngumu zaidi kuiandika. Naogopa. Hapa mtaani akifungiwa mtu nje, mimi ndiye anayeitwa. Kule watu wanafunga milango yao kwa plastiki na wanalala usingizi. Nitakuwa nani kule? Mzee wa kulisha paka.

Ufunguo wa kitasa hiki kipya ni mmoja tu. Uko mfukoni mwangu.

Jumatatu, 31 Machi

Saa tisa na robo. Amerudi.

Nimeisikia teksi, kisha hatua zake, ile ya kulia nzito kidogo kwa sababu ya goti. Ufunguo ukaingia. Ni ule niliomchongea mimi, unaingia bila kelele. Haukugeuka. Akautoa, akaufuta kwenye nguo — najua amefanya hivyo, hufanya kila mara — akajaribu tena. Mara ya tatu hakujaribu. Amefahamu.

Hakubisha hodi. Angebisha ningesimama, nafikiri ningesimama. Ameweka kikapu chini. Amekaa kwenye ngazi, nimesikia goti likilalamika. Mimi niko kwenye kiti kinachotazama mlango, sanduku miguuni. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi niamue.

Ingekuwa rahisi kumfungulia ile dakika ya kwanza. Sasa zimepita kumi na nitamwambia nilikuwa wapi?

Simu imelia. Si hii yangu, ile ya kazini, ambayo namba yake iko kwenye kibao cha duka. Nimepokea kwa mazoea, nikasema jina la duka, kama kawaida.

"Fundi," akasema. Sauti ya mteja kabisa, ya adabu, isiyomjua mtu. Niliisikia mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mbao. "Nimefungiwa nje ya nyumba yangu na kesho alfajiri nina safari. Unaweza kuja?"

Akangoja kidogo, kama wanavyongoja wote.

"Na swali lako nalijua," akasema. "Nyuma ya mlango huu kuna mzee amekaa na sanduku tupu."

Amekosea. Si tupu. Leo asubuhi nimetia mto ndani, ule wangu wa siku zote, na umejaza sanduku lote hata halifungi.

Kwa kanuni yangu anayekosea hafunguliwi. Naandika kwa mkono mmoja, simu iko sikioni. Hajakata. Namsikia anapumua, kwenye simu na nyuma ya mlango.