Kigoda Chako cha Isebania

Shangazi,

Kigoda chako bado kipo pale pale karibu na mpaka, ulipokuwa ukibadilisha pesa. Sasa nakikalia mimi. Ule mguu wake mfupi haujawahi kupona. Nikijisahau kinayumba, nami naona kama unanicheka.

Tangu tukuzike watu wananiita jina lako. Mwanzoni nilikataa. Siku hizi naitika, kwa sababu nikiitika najihisi kama hujaenda mbali.

Leo walikuja akina mama wa kikundi cha wauza sabuni. Wanataka nichukue akiba yao yote niizungushe, eti kigoda kina baraka na wewe hukuwahi kukosea. Niliwaambia nitawajibu kesho.

Unakumbuka mwaka ule shilingi yetu ya Kenya ilipoanguka? Ulikuwa umebadilisha pesa zako zote kuwa za Tanzania, ukiwangoja wanunuzi wa ng'ombe ambao wangevuka kesho yake. Jioni hiyo habari ikaja kutoka Kosele kwamba baba yangu, ndugu yako, amefariki. Ukaondoka na fedha zimefungwa kiunoni, ndani ya leso. Wiki nzima ulilia na kuwapikia waombolezaji, hata hukukumbuka una nini kiunoni. Tuliporudi, pesa zetu za Kenya zilikuwa zimeshuka vibaya, na lile fundo lako likawa mali.

Mpaka mzima ukasema ulinusa mapema. Ukawaambia, "Mimi nilijua nini? Nilikuwa namlilia ndugu yangu." Wakacheka, wakidhani unaficha siri. Lakini mimi nilikuwepo, Shangazi. Wale wanunuzi wangefika siku moja mapema, ungekwenda matanga na shilingi za Kenya, na ungerudi ukilia mara ya pili.

Ulichojua kweli kilikuwa kidogo, na ulikijua vizuri. Asubuhi ulikuwa ukitazama magunia kabla ya kumsalimia mtu. Mwenye magunia matupu akielekea Tanzania anakwenda kununua, basi atataka pesa za huko. "Hii ndiyo inatulisha ugali, nyar owadwa," uliniambia. Yaani binti wa ndugu yangu. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. "Ile mali ingine ilikuja yenyewe. Inaweza kwenda yenyewe."

Nimekukosa sana. Nakukosa zaidi saa ya chai, ulipokuwa ukikata andazi na kunipa kipande kikubwa, ukidai huna meno, na meno yako yote yalikuwa mdomoni. Siku hizi nakula andazi zima na halinishibishi.

Nisikufiche, nilitaka kukubali. Si kwa ajili ya faida. Nikikataa, najua wataacha kuniita jina lako, na hilo ndilo linaniuma.

Lakini kesho nitawaambia siichukui akiba yao. Nitawaeleza habari ya matanga yale, wakiamini wasiamini. Kisha kigoda nitakibeba nyumbani, nikikalie nikichambua maharagwe, kazi uliyokinunulia siku ile sokoni Oyugis. Mpakani nitabadilisha pesa nikiwa nimesimama, macho kwenye magunia, kama ulivyonifundisha.

Pumzika sasa, Shangazi. Wao wakiacha kulitaja jina lako, mimi nitaliita, jikoni, nikiwa nimekikalia kigoda chako.

Ni mimi,
nyar owadwa