Sahihi kwa Niaba ya Mama

Ifakara, Jumanne, 8 Aprili 1997

Swali la yule bwana wa benki bado linanisumbua. Nilikwenda kubadilisha ule mkopo wa mashine ya kukoboa mpunga, ambao Mama aliuwekea nyumba rehani, tupate mwingine wenye marejesho nafuu. Tukishindwa kulipa, nyumba itapigwa mnada. Hati ya uwakili ninayo. Mama alinipa mwaka juzi mbele ya wakili, akili zake zikiwa timamu.

"Mama bado anaelewa unachofanya kwa jina lake?" akaniuliza.

Nikamwomba anipe mpaka kesho.

Nyumbani nilimkuta Mama barazani anachambua mchele. "Shikamoo, Mama." Akaniona mimi ni dada yake, Skolastika, tuliyemzika Mahenge zamani. Akanivuta mkono.

"Dada, binti yangu anazunguka na makaratasi ya nyumba yangu. Naogopa. Usimwambie kama nimekuambia."

Nilitaka kumweleza kwamba naiokoa nyumba hiyo hiyo. Lakini bado alikuwa ameung'ang'ania mkono wangu.

"Sitamwambia, mdogo wangu," nikasema, naye akatulia.

Kesho nitamjibu yule bwana kwamba Mama haelewi tena. Ataikataa hati yangu, na nyumba ikiuzwa, sijui nitampeleka Mama wapi.