Ombi Nililotoa Kanisani

Nyacheki,
Sabato, baada ya ibada

Mwanangu Ogari,

Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Dada yako Sheila ananisaidia kuchuma chai, na kila siku anauliza kama unakula.

Nimeanza na ng'ombe kwa sababu naona aibu. Tangu uweke mtandaoni ile video ya askari wakimpiga mama wa kibanda, wanaume wawili wamekuja hapa mara tatu wakikuulizia. Nilinyamaza. Hata chifu alipokuja na kilo mbili za sukari, nilimwambia sijui uliko.

Lakini leo mzee wa kanisa alipouliza nani ana ombi, nilisimama. Mbele ya Mungu sijazoea kuficha kitu. Nikasema, "Mumkumbuke mwanangu Ogari. Amejificha Ogembo kwa mdogo wangu, nyuma ya duka la mbolea." Kanisa lote likapiga magoti. Nilipofumbua macho, kulikuwa na mgeni kwenye benchi la nyuma. Yeye hakuwa amepiga magoti. Alikuwa anaandika kwenye simu.

Simu yako umeizima, na ya mama yako mdogo naogopa wanaisikiliza. Nikija mwenyewe watanifuata. Kwa hivyo Rispa, yule jirani anayeuza ndizi, anakuletea barua hii kwa bodaboda sasa hivi.

Ondoka, mwanangu, hata kama chakula kiko mezani. Na usiniambie unakoenda, maana Sabato ijayo wataniuliza tena kama nina ombi.

Ni mimi mama yako,
Bochaberi