Dome Mdogo wa Maji Makuu

Kurasini, Jumapili

Mdogo wangu Salumu,

Sie huku wazima, ila joto halisemeki. Jana Mjomba Athumani, mpishi kwenye meli inayochunguza samaki wa maji makuu, alirudi na madome wawili, wale ndugu wa ngisi, kila mmoja hazidi kidole cha kati. Nikamwambia mnaonea watoto. Akampasua mmoja pale uani: tumbo limejaa mayai.

“Huyu mtu mzima,” akasema. “Kimo chake ndicho hiki. Anaishi chini mno, mishipi ya wavuvi wa pwani haimfikii, ila nyavu za meli yetu. Akifa, mfupa ndio unaoelea mpaka pwani.”

Akautoa mfupa, mweupe, mwembamba, una mwiba nchani. Ndio uleule unaookotwa kwetu Kilwa, uliofanya watu wamsute Baba kuwa anavua madome wachanga na kumaliza uzao.

Tumewala kwa nazi. Watamu, ingawa wino umeufanya wali mweusi tii. Mfupa nimeuhifadhi, nitakuja nao.

Nawakumbuka sana. Kadi hii usimsomee Baba chumbani. Ngoja wakae barazani wale waliomsuta, mpe shikamoo yangu, kisha usome kwa sauti.

Dada yako,
Mwanahawa