Jinsi Tunavyompasha Aliye Mbali

Runazi, Biharamulo
Machi 1946

Kaka Pancras, shikamoo.

Barua yako kutoka Uingereza imefika. Mihogo imestawi, ila maharage yameoza kwa mvua. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Kurasa mbili nzima ni maswali ya hayo masomo yako ya juu ya upashanaji habari, na salamu za mama mstari mmoja tu! Haya, nakujibu, maana mwalimu wako anataka kujua watu wa kwetu hupashanaje habari za msiba.

Aliye mbali hatumwambii kwamba mtu wake amefariki. Tunamtuma mtu akamwambie, "Mgonjwa amezidiwa, njoo." Basi hutembea njia nzima akiwa na tumaini, na kilio humkuta ameshafika nyumbani, penye mikono ya kumshika. Baba alipofariki ulikuwa shuleni, na mjomba Novatus alikufuata kwa baiskeli na maneno hayohayo. Mwandikie mwalimu wako hivyo.

Huko uliko baiskeli haifiki, kwa hiyo mjomba amenitupia mimi kazi yake.

Kaka, mama amezidiwa. Usikae peke yako chumbani. Tafuta mtu wa kukushika.

Mdogo wako,
Deodata